Taa Nyekundu ya Mwalimu Kioo

Katika chuo chetu cha udereva kuna walimu watatu, na mmoja wao anaitwa Kioo. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wanafunzi, kwa sababu neno la kwanza analomwambia mtu aliyeshika usukani ni "kioo", la pili ni "kioo", na la tatu, kama mtu huyo bado hajakitazama, ni "shuka". Mimi ni karani wa ofisi. Ndimi ninayeandikisha wanafunzi, ninayepanga zamu za magari, na ninayewabembeleza walioshushwa njiani warudi. Kwa hiyo habari za Mwalimu Kioo nazijua kwa kusikia, kwa kuona, na nyingine kwa kushikwa mkono na kulazimishwa nizisikilize.

Ni mtu wa miaka hamsini na mbili, mwembamba, shati limechomekwa tangu asubuhi hadi jioni. Hajawahi kupigwa faini hata ya kuegesha. Siku moja nilimwona dukani akisukuma toroli. Alipofika kwenye kona ya rafu za sabuni alinyoosha mkono wa kulia kabla ya kukata. Mama mmoja aliyekuwa nyuma yake alisimama akampisha, na sura ya yule mama ilionyesha wazi kwamba hajui kwa nini amempisha.

Mkewe, Mama Pacha, yuko mapokezi kwenye kliniki ya meno, na ni mcheshi kupita kiasi. Pengine ndiyo sababu ndoa imedumu. Mapacha wenyewe ni mabinti wakubwa, wana kazi zao katika mji mwingine, na wao ndio waliomletea baba yao mashine ya kuchezea gemu, wakisema sasa na yeye apate pa kupumzisha akili. Mashine ile ilikaa miezi minane chini ya televisheni, imefunikwa kitambaa kama birika la wageni.

Kisha likaja tangazo la gemu ya kuendesha basi. Lilisema mji mzima umejengwa humo ndani, barabara kwa barabara, na kwamba sheria zote za barabarani zitafuatwa, bila kuachwa hata moja. Mwalimu alilisoma mara tatu, akavua miwani, akaifuta, akalisoma tena. Siku hiyohiyo akainunua, ingawa ilikuwa bado haijatoka, katika lile duka lililomo ndani ya mashine, ambalo halina mlango wala muuzaji, na ambalo hupokea kwanza halafu ndipo linakwambia usubiri.

Akasubiri. Gemu ilipangiwa mwezi wa tatu, ikaahirishwa hadi wa sita, kisha hadi wa tisa. Kila mara alikuja ofisini na uso wa mtu aliyetoka kuzika, akasema kwa sauti ya chini, "Wamesogeza," nasi tukampa pole. Katika kusubiri huko alinunua usukani wa kuchezea, pamoja na pedali tatu na gia, akaufunga kwa skrubu kwenye meza ya kulia chakula. Mama Pacha akawa anakula upande wa pili, na kila akitaka chumvi anaizungukia gia.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Chuo hufanya kazi Jumamosi, kwa hiyo Mwalimu aliomba ruhusa, ya kwanza katika miaka tisa. Kwenye fomu, mahali pa sababu, aliandika neno moja, "uzinduzi". Mkuu wa chuo alidhani ni uzinduzi wa nyumba ya ibada, akatia sahihi na kumtakia baraka.

Yaliyompata siku hiyo alinisimulia mwenyewe, na yale aliyoyaruka akaniongezea mkewe.

Saa nne kamili alikuwa kitini, ameoga, amevaa viatu vya kufunga kamba, kwa sababu kuendesha na ndala ni kosa. Akaingia dukani. Duka likamwambia wateja ni wengi, na kwenye foleni yeye ni wa elfu arobaini na moja mia mbili na kumi na mbili. Hakulalamika, foleni ni foleni. Ilipokaribia saa sita zamu yake ikafika, na duka, kabla ya kumpa kitu ambacho ni chake tayari, likataka kuhakikisha kwamba yeye ni binadamu. Likamletea picha ndogo tisa, likamwagiza achague zote zenye taa za barabarani.

Mama Pacha anasema hapo ndipo alipomwona mumewe akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Kama kuna swali lililotungwa kwa ajili yake duniani, lilikuwa lile. Akachagua picha nne. Duka likasema amekosea. Tatizo lilikuwa nguzo. Picha mojawapo ilionyesha nguzo tu, taa zenyewe zilikuwa zimebaki kwenye picha ya juu yake, na Mwalimu Kioo hufundisha kila Jumanne kwamba nguzo ni sehemu ya taa, kwa kuwa ukiigonga nguzo umeigonga taa. Akaichagua nguzo tena, na tena. Alikataliwa mara sita. Mara ya saba duka likamfungia nje kwa nusu saa, likieleza kwamba mwenendo wake unafanana na wa roboti.

Nusu saa ilipokwisha Mama Pacha akaomba ajaribu yeye. Yeye hajawahi kuendesha hata baiskeli, lakini aligusa picha tatu huku anatafuna chungwa, na mlango ukafunguka.

Gemu ikaanza kushuka. Ilipomaliza kushuka ikasema haiwezi kufunguka mpaka ishushiwe marekebisho, na marekebisho hayo yalikuwa makubwa kuliko gemu yenyewe. Mwalimu akamwuliza mkewe inakuwaje kitu kimezaliwa saa nne asubuhi, na saa nane mchana kimeshajaa viraka. Mama Pacha akamjibu kwamba hata wao kliniki wanawajua watu wa namna hiyo, asubuhi amewekewa jino, jioni yuko mlangoni ameshika shavu.

Saa tisa na nusu mji ukatokea kwenye kioo cha televisheni. Basi lilikuwa zuri, hilo Mwalimu alilikiri na bado analikiri. Lilikuwa la bluu, lina viti vya kitambaa. Tatizo lilikuwa abiria. Wote walikuwa na sura moja, ya bwana mmoja mwenye masharubu, wanawake kwa wanaume, hata mtoto mchanga aliyebebwa mgongoni. Walipanda kwa utaratibu, wakalipa nauli, kisha badala ya kukaa vitini wakapenya dari, wakaketi juu, shibiri moja kutoka kwenye paa, mikono wameiweka magotini. Mmoja tu ndiye aliyebaki ndani, naye alikuwa amezama sakafuni hadi kifuani. Halafu kulikuwa na suala la indiketa. Mwalimu akiwasha indiketa, mvua inanyesha. Akiizima, mvua inakatika.

Alitafuta kitufe cha kuwaamuru abiria washuke, hakukipata. Akakaa anafikiri. Mwishowe aliamua kwamba maadamu hawajaligusa paa, kisheria hawajapanda juu ya gari. Akawasha taa za tahadhari, mvua ikawa inanyesha na kukoma, inanyesha na kukoma, kwa mapigo ya taa. Akatazama kulia, kushoto na nyuma, akaondoka kwa mwendo wa kilomita ishirini kwa saa. Mita mia mbili mbele, kwenye makutano ya kwanza, taa ilikuwa nyekundu. Akasimama kwenye mstari.

Taa ile haikubadilika.

Zikapita dakika kumi, zikapita ishirini. Mama Pacha akaleta sahani ya chakula, Mwalimu akakataa kuipokea kwa sababu injini ilikuwa inaunguruma. Ilipotimia saa nzima akavuta breki ya mkono, akazima injini, ndipo akala. Mkewe alikaa naye kidogo, akitazama lile basi, wale mabwana wenye masharubu hewani, na ile njia nyeupe isiyo na mtu.

"Pita, Baba Pacha," alimwambia. "Hakuna gari."

"Nyekundu."

"Lakini ni gemu."

"Ni nyekundu ya gemu," alisema Mwalimu, akaendelea kutafuna.

Jioni alizima mashine. Jumapili asubuhi alipoiwasha, alijikuta palepale, nyuma ya mstari uleule, chini ya taa ileile. Ndipo alipovaa vile vidude vya masikioni ambavyo mapacha waliviacha kwenye boksi, na akagundua kwamba hayuko peke yake. Gemu ile watu huicheza pamoja, kila mmoja akiwa kwake, na basi lake halikuondoka alipozima mashine. Lilibaki pale tangu jana, taa za tahadhari zikiwaka, na nyuma yake yalikuwa yamejipanga mabasi mengine. Barabara ilikuwa nyembamba, ina kingo za zege pande zote mbili, na katika mambo yote ya gemu ile, kitu pekee kilichotengenezwa vizuri ni kwamba gari haliwezi kupenya gari. Waliokuwa nyuma walipiga honi na kumtukana kwa lugha asizozijua, jambo lililomwezesha kubaki mtulivu. Kisha ikaja sauti ya mwanamke mtu mzima, kwa Kiswahili.

"Wewe wa basi la bluu, umekufa au unasali?"

"Nasubiri taa, mama."

"Mimi niko nyuma yako tangu jana. Taa imeharibika hiyo."

"Kuharibika hakujaibadilisha rangi."

Yule mama akacheka, akacheka mpaka akakohoa, na Mwalimu akasubiri amalize kukohoa ndipo ampe pole. Jina alilojiandikia kwenye gemu lilikuwa Bibi Kasi. Alikuwa mkunga mstaafu wa miaka sabini na moja, na goti lake moja lilimkatalia kwenda mbali na kiti, ndiyo maana alianza kuendesha mabasi. Alimwambia Mwalimu kwamba amezalisha wanawake kwa miaka thelathini na minne, ameona watoto wagumu wa kutoka, lakini aliyegoma kama yeye hajawahi kumwona. Mwalimu akamwomba radhi kwa kumchelewesha. Bibi Kasi akasema hana pa kwenda, na kwa vile watakaa sana hapo, amweleze basi na habari za nyumbani.

Jumatatu nilimkuta ofisini kabla yangu. Foleni ya nyuma yake ilikuwa imefika mabasi mia mbili na sitini. Alikuwa ameandika barua ya kurasa nne kwa watengenezaji, na mchoro wa makutano uliopigwa kwa rula, akaniomba niichape. Nikaichapa, tukaituma. Jibu lilirudi hata sijaondoa mkono kwenye kipanya. Lilisema wamefurahi sana kusikia kwamba anaifurahia gemu, na likamwomba awape nyota tano.

Nikamshauri airudishe. Akasema ameshajaribu. Duka hupokea gemu iliyochezwa chini ya saa mbili tu, na kwa hesabu ya duka yeye ameshaicheza saa kumi na tisa.

"Karani, niambie," alisema, na alikuwa anauliza kwa moyo safi. "Mtu akipanga foleni benki toka asubuhi mpaka jioni, utasema amecheza benki?"

Jumanne Mama Pacha alimwita mdogo wake, fundi simu, kijana mwenye vidole vyepesi na subira fupi. Fundi simu alikaa kwenye usukani, akatazama taa, akatazama njia, na mguu wake ukaanza kushuka kwenye pedali ya mafuta. Mwalimu akamshika goti. Akamweleza kwamba basi lile limeandikishwa kwa jina lake, na makosa yatakayofanywa na basi lile ni yake. Fundi simu akazima mashine akaiwasha, akaifuta gemu yote akaishusha upya, kazi iliyokula saa tano pamoja na zile picha tisa, na ilipofunguka ikawarudisha palepale nyuma ya mstari, kwa sababu kitu pekee ambacho gemu haikukisahau kilikuwa mahali alipo Mwalimu.

"Shemeji," alisema fundi simu, "kwa heshima zote, wewe na hii taa mmekutana wawili."

Lakini hakukata tamaa. Alihangaika katika ukurasa wa duka mpaka akampata mhudumu aliye hai, wa kuandikiana naye. Mhudumu aliwaita "wapendwa wachezaji", akasikiliza, akasema suluhisho ni jepesi, apite tu, hakuna adhabu yoyote. Mwalimu akafurahi. Akaandika kwamba yuko tayari kupita mara moja endapo mhudumu atamwandikia ruhusa hiyo rasmi, ikiwa na jina lake, cheo na tarehe. Mhudumu akaomba dakika mbili. Baada ya dakika mbili mazungumzo yakafungwa, ikatokea karatasi ya kumtaka Mwalimu ayapime kwa alama. Alimpa tatu kati ya tano. Aliniambia baadaye kwamba lugha ya yule mtu ilikuwa nzuri, na si haki kumwadhibu mtu kwa kukosa cheo.

Habari zilikuwa zimeshaenea chuoni. Wanafunzi walicheka nyuma ya ubao, walimu wenzake walicheka mbele yake. Mkuu wa chuo alimwita ndani, akafunga mlango usiofungika vizuri, nami nikasikia yote. Alimwambia kwa upole kwamba yeye ni mtu mzima, apite kwenye hiyo taa ayamalize. Mwalimu akajibu kwamba anaweza kupita. Mguu wake ni mzima. Lakini kesho yake kuna mwanafunzi atakayesimama kwenye nyekundu, njia nyeupe, na kumwuliza kama apite, na yeye atakapomjibu hapana atakuwa anamdanganya. Mkuu alimwuliza kama amekunywa chai.

Jibu lilikuja Jumatano, na lililetwa na mwanafunzi mmoja mama mwoka mikate, anayejifunza ili aweze kusambaza mikate yake mwenyewe. Walikuwa barabarani, na yule mama, ambaye hakumaanisha ubaya wowote, aliuliza kama taa ikiharibika ikaganda kwenye nyekundu dereva afanye nini. Mwalimu Kioo alijibu bila kufikiri, kama anavyojibu siku zote, kwamba dereva hungoja afisa wa usalama barabarani, na ishara ya mkono ya afisa iko juu ya taa. Kisha akamwambia aegeshe pembeni. Akatoa kalamu, akayaandika maneno yake mwenyewe kwenye daftari, akakaa anayatazama, na mama mwoka mikate akadhani ameshafeli.

Jioni hiyo alimweleza Bibi Kasi. Katika gemu ile dereva anaruhusiwa kushuka kwenye basi na kutembea. Bibi Kasi akashuka. Alikwenda hatua chache, akasimama, akarudi, akaenda tena. Mwalimu akamwuliza kama kuna tatizo. Akasema hapana, ila imepita miaka sita tangu atembee bila fimbo, amwache kidogo azunguke. Alizunguka lile basi la bluu mara nne, akawasalimia mabwana wa paani, ndipo akaenda kusimama katikati ya makutano.

Mwalimu alimtazama, akasikitika. Ilimbidi amwambie kwamba kwa mavazi aliyovaa, yeye ni raia tu.

Fundi simu ndiye aliyegundua kwamba duka linauza nguo za wachezaji, na kwamba kati ya hizo kuna sare ya askari wa usalama barabarani. Gemu ilikuwa na taa mbovu, barabara mbovu na abiria wabovu, lakini sare ilinunulika mara moja, ikashuka kwa kupepesa jicho, na duka halikumwuliza Bibi Kasi kama ni binadamu. Walipanga Jumamosi saa tisa alasiri, baada ya kazi, na Mama Pacha akanialika.

Nilimkuta Mwalimu kitini, amevaa viatu, mgongo umenyooka. Mama Pacha na mdogo wake walikuwa kwenye kochi, nami nikabanwa katikati yao. Kwenye televisheni alisimama Bibi Kasi ndani ya sare. Sare ilimkaa vizuri, isipokuwa kofia, ambayo haikuwa kichwani bali hewani, mkono mmoja kushotoni kwake, na kila alipogeuka kofia ilimfuata kwa kuchelewa kidogo. Mwalimu aliichunguza kwa muda mrefu. Akasema kanuni inataka afisa awe na kofia, haisemi iwe wapi.

Bibi Kasi akainua mkono juu, kiganja wazi. Sote tukashusha pumzi. Mwalimu akakanyaga breki kwa nguvu zaidi.

"Hiyo ni simama, bibi," alisema kwenye kipaza sauti.

Bibi Kasi akaeleza kwamba gemu imempa vitendo vinne tu: kusalimia, kulia, kulala na kucheza ngoma. Ule mkono ulikuwa wa kusalimia. Akajaribu kulia, haikusaidia. Akalala katikati ya makutano, kofia ikalala kando yake, na Mwalimu akamwomba kwa heshima ainuke kwa usalama wake. Kikabaki cha nne. Bibi Kasi akaanza kucheza.

Sikuwahi kuona askari akicheza namna ile. Alitikisa mabega, akazungusha kiuno, akapunga mkono wa kulia kuelekea kwake mara mbili, akapiga goti, akaruka, kisha akaanza upya, yaleyale kwa mpango uleule. Fundi simu alikuwa ameteleza kutoka kwenye kochi mpaka sakafuni. Mwalimu hakucheka hata kidogo. Alikuwa amefungua kitabu cha kanuni, amekiweka juu ya gia, na macho yake yalikuwa yanakwenda kwenye kitabu na kurudi kwenye televisheni.

"La tatu," alisema hatimaye. "Mabega si ishara. Kiuno si ishara. Lakini lile la tatu ndilo lenyewe, ukurasa wa thelathini na moja, mkono wa kulia, kiwiko kimekunjwa. Njoo."

Akawasha injini. Akashusha breki ya mkono. Akatazama kila upande. Bibi Kasi akatikisa mabega, akazungusha kiuno, Mwalimu amekunja uso anasubiri, na mkono wa kulia ulipopunga, lile basi la bluu likavuka mstari, kwa heshima, kwa gia ya kwanza, likampita askari anayecheza, likavuka makutano.

Honi za nyuma zikalia zote kwa pamoja. Wakati huo mabasi yalikuwa yamezidi mia tatu, na sauti ile ilitikisa vikombe kabatini. Nilijikuta nimesimama napiga makofi, mimi niliyekuja kwa ajili ya chai. Mama Pacha alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa kanga. Mwalimu alisema tu, "Tunaendelea," na nikaona sikio lake limekuwa jekundu kwa furaha.

Tuliendelea kama mita arobaini. Baada ya hapo barabara ilikuwa imechorwa lakini haikuwa imejengwa. Basi likaanza kuzama ndani ya lami, taratibu, kama biskuti ndani ya chai. Yalianza magurudumu, yakafuata madirisha, halafu ukabaki weupe mtupu pande zote. Wale abiria wa paani hawakushuka nalo. Walibaki hewani juu ya barabara, mikono magotini, wanatazama mbele. Mwalimu hakuachia usukani. Aliwasha indiketa ya kushoto kutafuta pa kuegesha, na huko chini, mahali pasipo na ardhi wala mbingu, mvua ikaanza kunyesha.

"Mwalimu," ilisema sauti ya Bibi Kasi, "mbona sikuoni, umeenda wapi?"

"Chini, bibi."

"Huko kuna taa?"

"Hakuna."

"Basi umeokoka," alisema Bibi Kasi, akaendelea kucheza kwa ajili ya basi lililofuata.

Alicheza mpaka jua likazama. Mabasi yote yaliyokuwa nyuma yalivuka moja moja kwa ishara ya tatu, maana baadhi ya madereva walikuwa wameanza kuona raha ya utaratibu, na moja moja yakazama palepale. Mwalimu alikaa huko chini akiyatazama yakishuka mpaka la mwisho, akihesabu waliotazama vioo. Walikuwa tisa.

Watengenezaji walichukua wiki tatu kuitengeneza gemu. Waliwaandikia wachezaji wote barua ya kuomba radhi kwa usumbufu, na kwa kuwafariji wakampa kila mtu honi mpya. Sasa taa zinabadilika na barabara ina ardhi. Mwalimu amewaandikia barua nyingine kuhusu muda wa taa ya njano, ambao kwa saa yake unapungua sekunde moja. Bibi Kasi hakurudi kwenye basi. Sare bado anayo, na kofia sasa inamkaa kichwani, jambo ambalo anasema halipendi. Siku nyingi hutembea tu katika mji ule, mtaa kwa mtaa, na jioni humpigia Mwalimu simu kumweleza kuna duka gani nyuma ya stendi na bustani ipi ina benchi.

Alhamisi ya wiki iliyopita mwanafunzi wa mwisho hakutokea, nikamwambia Mwalimu aende zake. Alifika nyumbani saa tisa. Kumbe Alhamisi ni siku ya mapumziko ya Mama Pacha, na kumbe kila Alhamisi, kwa mwezi mzima, alikuwa na shughuli. Mwalimu alimkuta kwenye usukani, miguu mitupu, redio inaimba, basi alilojiandikishia kwa jina lake mwenyewe linakata kona kwa mwendo wa kilomita mia na kumi huku abiria wanashangilia. Alisimama mlangoni na mkoba mkononi. Kwenye televisheni, upande wa kulia, kulikuwa na orodha ya makosa ya siku hiyo, na yalikuwa arobaini na moja. Upande wa kushoto kulikuwa na alama zake, na zilikuwa nyingi kiasi kwamba namba ya mwisho ilikuwa imekatwa na ukingo wa kioo.

Mama Pacha alimwona, akapunguza sauti ya redio. Walitazamana. Aliniambia alikuwa amejiandaa kuhubiriwa mpaka chakula cha jioni.

Mwalimu aliweka mkoba chini. Akauliza, kwa sauti ya mtu asiyetaka majirani wasikie, amevukaje mzunguko ule mkubwa wa sokoni, kwa maana yeye yuko pale wiki mbili anasubiri mtu ampishe.

"Nilifumba macho," alisema Mama Pacha.

Mwalimu alifikiri kidogo. Kisha akavuta kiti, akakaa karibu naye, akamwomba amwonyeshe tena, polepole.